Mauzo ya mahamri yalipogeuka hasi

Mtoto wa dada yangu yuko Gredi ya 10, kundi la kwanza la sekondari ya juu lililoanza Januari mwaka huu wa 2026, na kati ya masomo aliyochagua ni kompyuta. Likizo hii ya Aprili amekuja kukaa nami. Jioni ya pili tu, sahani za chajio bado ziko mezani, akaniuliza: "Mama mdogo, nyinyi mlianza na Python?"

Nikamwambia sisi tulisoma Pascal.

"Pascal si ile ya fizikia? Ya kupimia presha?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini hakuwa mbali. Kipimo cha presha na lugha ile ya programu vimepewa jina la mtu mmoja, Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Alipokuwa kijana tu aliunda mashine ya kujumlisha, kwa sababu baba yake alikuwa akikesha na hesabu za kodi naye akamwonea huruma. Habari hiyo niliisoma nikiwa mtu mzima, na iligusa kidonda changu cha zamani. Mimi pia niliwahi kujaribu kumpunguzia mzazi hesabu. Yangu ilimwambia mama ana deni la shilingi elfu ishirini na tano.

Ilikuwa 2013, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huku Pwani. Sitaitaja, maana mwalimu wangu wa kompyuta bado anafundisha na hapendi kuandikwaandikwa. Maabara yetu ilikuwa na mashine 16, zinazowaka 11. Viatu vilibaki mlangoni, kwa hiyo chumba kilinuka soksi na lile vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu. Tuliochagua somo tulikuwa 24. Piga hesabu: mashine tisa zilikaliwa na watu wawili wawili, mbili zilizobaki na watu watatu watatu. Katika kipindi cha Kiswahili chombo hiki kiliitwa tarakilishi. Ukivuka uwanja na kuingia maabara kiliitwa kompyuta, na ukisema tarakilishi unachekwa.

Aliyeshika kibodi tulimwita dereva, aliyeketi ubavuni makanga. Kazi ya makanga ilikuwa kupiga kelele kabla gari halijaingia mtaroni. "Nukta-mkato! Nukta-mkato umesahau!" Wanaojua Turbo Pascal, ile programu tuliyoandikia na kuendeshea Pascal, watakumbuka skrini ya buluu na maandishi ya manjano, na ule mstari mwekundu juu unaokuambia Kosa 85, yaani ilitakiwa nukta-mkato (;) hapa na wewe hukuiweka. Ukiiweka mahali isipotakiwa, kwa mfano kabla tu ya "else", unaletewa Kosa 113. Tulikuwa na mwenzetu aliyesahau nukta-mkato kila Alhamisi bila kukosa hata moja, na hadi leo katika kikundi chetu cha WhatsApp jina lake ni Eti Faivu. Sasa ni muuguzi. Halalamiki.

Kulikuwa pia na Kosa 200, ambalo lilitutia hofu ya majini. Unaandika programu safi, unaomba tu iusafishe uso wa skrini kwanza, na kabla haijafanya lolote inakufa ikidai umegawanya kwa sifuri. Wapi? Hakuna kugawanya popote! Mwalimu akatueleza kwamba Turbo Pascal iliandikwa enzi za mashine za polepole. Ile sehemu yake inayoshughulikia skrini huanza kwa kupima kasi ya mashine, na mashine ikiwa na kasi kupita ilivyotarajiwa, hesabu ya kipimo chenyewe inaharibika. Kwa hiyo zile kompyuta zetu za Pentium 4, mitumba mitupu, zilikuwa zimeuzidi mbio mtihani wao. Hatukuamini. Jini lilikuwa maelezo mazuri zaidi.

Kipindi cha maabara kilikuwa kimoja kwa wiki, Alhamisi, dakika 80. Toa kumi za kuwasha, toa kumi za kuzima na kufunika mashine kwa vitambaa. Stima ikipotea, basi, mpaka Alhamisi nyingine. Kwa hiyo Mwalimu aliweka sheria: huingii bila karatasi. Programu nzima iandikwe kwa mkono, na chini yake jedwali la kuifuatilia, kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, na safu yake, thamani inavyobadilika hatua kwa hatua kwa penseli. Alisimama mlangoni akikagua. Tuliita tiketi. Asiye na tiketi alibaki nje na viatu.

Wakati ule niliona ni ukoloni. Leo naandika programu kwa lugha ya TypeScript kwa mshahara, na nikikwama bado nachukua karatasi. Wenzangu ofisini wanadhani nachora. (TypeScript, kwa taarifa, imebuniwa na Anders Hejlsberg, yule yule aliyeandika kikusanyaji (compiler) cha Turbo Pascal kilichotolewa na Borland mwaka 1983. Nilipoligundua hilo nilihisi kama nimekutana na mwalimu wa chekechea sokoni.)

Muhula wa kwanza tulikuwa tumemaliza mada ya namna data inavyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Biti (kila moja ni sifuri au moja), baiti, namba za besi ya pili, na jinsi ya kuandika namba hasi. Mwalimu alitufundisha kwa wimbo wa maneno mawili: geuza, ongeza. Chukua tano kwa biti nane, 00000101. Geuza kila sifuri iwe moja na kila moja iwe sifuri: 11111010. Ongeza moja: 11111011. Hiyo ndiyo hasi tano. Kwa nini? Kwa sababu itatoka kwenye mtihani. Nilikariri, nikaandika, nikapata tiki. Katika daftari hilo hilo nilikuwa na jedwali la aina za data za Pascal, limepigwa rula kwa wino mwekundu, na mstari wake wa kwanza ulisema: Integer, yaani namba nzima, kuanzia −32,768 mpaka 32,767. Hilo nalo nililipatia tiki.

Likizo ya Aprili ikafika. Mama alikuwa anauza mahamri na mbaazi pale Kisauni, Mombasa, hamri shilingi tano. Kila usiku, akishamaliza kuosha sufuria, aliketi kwenye kigoda, akahesabu sarafu, akaandika mauzo ya siku katika daftari la kaunta lililolowa mafuta mpaka kurasa zikawa zinaonyesha upande wa pili. Mwisho wa mwezi alijumlisha yote kichwani, midomo ikicheza. Nami, msomi wa kidato cha tatu, nikamwambia: "Mama, acha kujichosha. Nipe mauzo ya Machi, kompyuta itayajumlisha kwa nukta moja."

Akanitazama. "Nukta moja. Haya, mwanangu."

Nikanakili siku 30. Machi ina 31, lakini tarehe 4 hakupika, ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu na alishinda kwenye foleni ya kura. Nikarudi shuleni na karatasi yangu. Programu yenyewe ilikuwa ya mistari isiyozidi kumi na mitano: kitanzi, yaani sehemu inayojirudia, cha siku 1 mpaka 30, soma mauzo, na ule mstari ambao kila mwanafunzi wa programu duniani ameuandika:

jumla := jumla + mauzo;

Vigeu vyote nilivitangaza kuwa Integer. Vingekuwa nini kingine? Mahamri hayauzwi kwa desimali.

Alhamisi ya kwanza nikawa dereva. Nikaingiza namba 30, makanga wangu akinisomea. Nikabonyeza. Jibu likaja: −25326.

Makanga akasema, "Mamako anadaiwa."

Nilikagua kama niliandika alama ya kutoa badala ya kujumlisha. Hapana. Nikaingiza namba upya, dakika zikiisha. −25326. Nikamwita Mwalimu. Akainama, akasoma, na uso wake ukafanya kitu ambacho sasa najua kilikuwa furaha. "Nzuri sana," akasema. "Kaa nayo." Akaenda zake kwenye meza nyingine.

Kaa nayo! Na kengele ikalia.

Wiki ile nzima sikuwa na kompyuta, nilikuwa na karatasi tu. Usiku, wakati wa masomo ya jioni, nilifungua jedwali la kufuatilia na kuongeza namba moja baada ya nyingine. Siku ya 24 jumla ilikuwa 32,180. Siku ya 25 mauzo yalikuwa 1,340, jumla 33,520. Nikaenda mpaka siku ya 30: 40,210. Hakuna hasi. Kwa mkono wangu programu ilikuwa sahihi, kwenye mashine ilikuwa mwongo. Niliamini mashine ile ndiyo mbovu, ya tatu kutoka dirishani, maana hata herufi N yake ilikuwa imefutika.

Alhamisi ya pili nikahamia mashine nyingine na nikaongeza mstari mmoja ndani ya kitanzi, ili kila siku jumla ichapwe kwenye skrini. Zikashuka moja moja. Siku ya 24, 32180. Siku ya 25, −32016.

Nilijua mahali. Sikujua sababu. Nikaondoka maabara nikiwa nimechukia, na nikaichukia siku ya 25 kama vile ni mtu. Ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Machi. Niliiangalia ile 1,340 mpaka nikaanza kuiota.

Jumapili usiku, baada ya taa kuzimwa bwenini, nilikuwa nimelala chali nikirudia noti za kompyuta kichwani, maana kulikuwa na jaribio wiki ile. Integer, kuanzia hasi thelathini na mbili elfu mia saba sitini na nane mpaka thelathini na mbili elfu mia saba sitini na...

Niliketi ghafla nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu.

Integer ya Turbo Pascal ina biti 16, na biti 16 zinakupa michoro 65,536 ya sifuri na moja, si zaidi. Nusu yake imetengewa namba hasi. Ukifika 32,767 umetumia sifuri moja ya mwanzo na moja 15 baada yake. Ongeza moja tu, na zile moja zote zinapinduka kuwa sifuri, sifuri ya mwanzo inakuwa moja. Kwa kanuni ya geuza-ongeza, mchoro unaoanza na moja ni hasi. Ni kama ile saa ya maili ya matatu kuukuu inayofika 99,999 kisha inarudi sifuri, tofauti ni kwamba hii hairudi sifuri, inarukia chini kabisa, kwenye hasi kubwa kuliko zote, na kuanza kupanda upya. Mama alipata 33,520, na 33,520 toa 65,536 ni −32,016. Na 40,210 toa 65,536 ni −25,326. Nilipiga hesabu hiyo kwa kidole kwenye shuka. Turbo Pascal haikuona haja ya kuniambia chochote, kwa sababu ukaguzi wa kufurika, yaani namba kupita kikomo chake, huwa umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe.

Jawabu la tatizo ni neno moja, LongInt, yaani biti 32. Alhamisi ya tatu niliandika neno hilo na 40210 ikatoka, na Mwalimu akapita nyuma yangu bila kusema kitu.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba nilikuwa nayo daftarini. Kwa wino mwekundu! Nilikuwa nimetahiniwa juu yake na nikapewa alama. Nilijua kikomo cha Integer kama ninavyojua mji mkuu wa Mongolia, yaani mtu akiniuliza nitajibu, lakini sijawahi kupotea huko.

Mwaka uliofuata tukafanya mradi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile karatasi ya tatu, wengi wetu kwa Visual Basic juu ya hifadhidata ya Access. Miezi ya kuchora fomu, kuchapisha ripoti, na kuchoma sidii. Kuhusu mradi nina moja tu la kusema. Kila mtu alijua kwamba mjini kuna watu wa saiba watakaokufanyia wote kwa pesa, na wapo waliofanyiwa. Mimi siwahukumu sana, mashine 11 kwa madarasa yote ni kichekesho. Ila waliofanyiwa hawakuwahi kupata ile siku ya 25 yao.

Desemba 2014, nimemaliza mtihani, niko nyumbani nikimsaidia mama kusukuma mahamri, nikasoma kwenye simu kwamba video ya "Gangnam Style" ilikuwa imetazamwa mara nyingi kupita uwezo wa kihesabio cha YouTube. Kikomo chake kilikuwa 2,147,483,647. Nilipiga ukelele. Hiyo ni LongInt! Hiyo ndiyo namba ya mwisho ya LongInt! Mama akaniuliza kama nimeungua.

Chuoni nikajifunza kuhusu roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kutoka Guiana ya Ufaransa tarehe 4 Juni 1996 na kulipuka kabla dakika haijatimia. Namba ya biti 64 ililazimishwa iingie katika Integer ya biti 16. Kikomo, tena, 32,767. Nilipomsimulia mama alifikiri kidogo akasema, "Kumbe na wao mauzo yaliwapanda."

Na kuna moja inakuja. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile zinazotumia biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Wakati huo Kisauni mahamri yako mafutani.

Sasa nirudi kwa huyu mpwa wangu. Nilimpa ile kazi. Nikamwambia, andika programu ya kujumlisha mauzo ya siku 30. Akamaliza kabla sijatoa vyombo mezani, kwenye laptopu yangu, kwa Python, 40,210, bila tatizo. Nikamwambia aweke mabilioni. Akaweka. Aweke namba yenye tarakimu mia moja. Akaweka. Python hairuki hasi, namba zake nzima hukua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu.

"Sasa ajabu iko wapi, Mama mdogo?"

Nilikosa la kusema. Nilitamani kumharibia mashine kidogo. Mwishowe nilimpa karatasi na penseli, nikamwambia achore duara la michoro 16 ya biti nne, atembee kuanzia 0000 na kuandika kila mchoro ni namba gani kwa geuza-ongeza. Alipofika 0111 na kuvuka 1000, akaacha penseli. Akarudi nyuma hatua moja. Akavuka tena.

Sikumsimulia habari iliyofuata, kwa hiyo naiandika hapa.

Juni 2013, mapumziko ya katikati ya muhula, nilifika nyumbani na karatasi iliyochapwa na printa ya shule, siku 30 na jumla chini. Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamweleza yote, hasi, biti, LongInt, siku kumi za kuteseka. Alisikiliza kwa adabu. Alishangaa mahali pamoja tu: "Yaani iliniambia nadaiwa elfu ishirini na tano? Na nani? Mimi sijamla mtu."

Akajifuta mikono kwenye leso, akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Arobaini elfu mia mbili na kumi," akasoma. "Machi nilipata arobaini elfu na mia tatu."

Nikamwambia kompyuta haikosei kujumlisha. Sasa haikosei.

Hakunijibu. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, midomo ikicheza, kikafika tarehe 26 kikasimama. "Jumanne hii walikuja mafundi wa ile nyumba ya ghorofa. Mbaazi ziliisha saa mbili asubuhi, nikaazima unga kwa jirani." Akaniagiza daftari la kaunta. Tukafungua ukurasa, umelowa mafuta, mwandiko wake umelala upande. 1,430.

Nilikuwa nimenakili 1,340.

Ile namba niliyoikodolea macho siku kumi, niliyoijumlisha kwa penseli sijui mara ngapi. Mama akachukua kalamu yangu, akaikata 40,210 kwa mstari mmoja, akaandika kando yake 40,300, akanirudishia karatasi na kuendelea kukuna nazi.